Amber Valley na walowezi weusi wa Alberta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Februari, mwezi ambao Kanada hukumbuka historia ya watu weusi, jina la Amber Valley huchomoza redioni na mashuleni, kisha huzama mpaka mwaka unaofuata. Sisi tuliofika Alberta kutoka Afrika Mashariki na Kongo tunabaki tukiulizana: walikuwa nani hao, walifuata nini kwenye baridi ile, na watoto wao walisoma wapi? Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Amber Valley ni wapi hasa?

Ni kaskazini mwa Edmonton, zaidi kidogo ya kilomita 20 mashariki mwa mji mdogo wa Athabasca. Mwanzoni paliitwa Pine Creek. Jina la Amber Valley lilishika mwaka 1931, ofisi ya posta ilipofunguliwa.

Ukisikia "makazi" usifikirie kijiji cha kwetu, nyumba zimeegemeana na jirani anasikia ukikohoa. Sheria ya ardhi ilimtaka kila mtu alale kwenye shamba lake, kwa hiyo kila familia ilikaa peke yake katikati ya ekari 160, na kwenda kuazima chumvi kwa jirani ilikuwa safari. Palipokuwa na watu wengi zaidi, walikuwa kama 300. Waliunganishwa na vitu vinne: shule, kanisa, posta na uwanja wa besiboli. Timu yao ya besiboli ilizunguka kaskazini mwa Alberta kucheza na timu za wazungu, na ikaheshimika.

Walitoka wapi, na kwa nini waondoke?

Wengi walitoka Oklahoma. Wengine Texas na majimbo jirani. Oklahoma yenyewe ilikuwa imewavuta kama mahali pa kupumua: baada ya utumwa kukomeshwa, familia nyingi nyeusi zilihamia huko, zikapata ardhi, zikajenga miji yao. Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo kamili la Marekani, na sheria ya kwanza kabisa iliyopitishwa na baraza lake jipya ilikuwa ya kutenganisha mabehewa ya treni kwa rangi. Mwaka 1910 wakawekewa vikwazo vya kupiga kura. Juu ya hayo kulikuwa na mauaji ya kundi la watu kumtundika mtu mtini.

Wakati huohuo serikali ya Kanada ilikuwa inatangaza katika magazeti ya Marekani kwamba magharibi kuna ardhi ya bure. Tangazo halikusema ni kwa wazungu tu. Watu wakalisoma lilivyoandikwa.

Kati ya mwaka 1905 na 1912 walivuka mpaka zaidi ya watu 1,000. Huko Alberta walianzisha makazi manne: Amber Valley, Keystone (leo Breton), Junkins (leo Wildwood) na Campsie. Wengine wakaenda Saskatchewan, karibu na Maidstone. Huko ndiko alikofika Mattie Mayes na mumewe Joseph mwaka 1910. Mattie alizaliwa utumwani Georgia. Kanisa lao la magogo, Shiloh, bado limesimama, na makaburi yako pembeni.

Hao ndio watu weusi wa kwanza Kanada?

Hapana, hata kidogo. Mwaka 1783 maelfu waliletwa Nova Scotia baada ya vita vya uhuru wa Marekani, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao wakapanda meli kwenda Sierra Leone. Huko Ontario kulikuwa na Buxton, makazi ya waliotoroka utumwa, yaliyoanzishwa mwaka 1849. Hapa Alberta, mchungaji wa ng'ombe John Ware alifika mwaka 1882. Upya wa watu wa Oklahoma ni kwamba walikuja kwa makundi, familia nzimanzima, kulima.

Ekari 160 za bure! Kweli bure?

Zilikuwa za bure kwa mtu asiyehesabu jasho. Sheria ya ardhi ya mwaka 1872 ilimtaka mwombaji alipe dola 10 za kuandikishwa, kisha apewe miaka mitatu: ajenge nyumba ya kuishi, alale humo angalau miezi sita kila mwaka, na avunje idadi fulani ya ekari kwa plau. Akitimiza, anapata hati miliki. Asipotimiza, mwingine anaruhusiwa kuliomba shamba lilelile.

Faili za maombi hayo zimehifadhiwa, na kwangu zina utamu kuliko hotuba yoyote. Fomu ya kuombea hati inauliza kikarani kabisa: ulianza lini kulala kwenye ardhi hii? Mwaka wa kwanza ulivunja ekari ngapi, wa pili ngapi? Una farasi wangapi, ng'ombe wangapi, nguruwe wangapi? Nyumba ina urefu na upana gani, na thamani yake ni dola ngapi? Kisha majirani wawili wanaapa kwamba uliyosema ni kweli. Swali ninaloliangalia kwanza ni la kutokuwepo: ulikuwa mbali na shamba miezi gani, na kwa nini? Hapo ndipo unapoona wanaume waliokwenda kujenga reli au kufanya vibarua Edmonton ili wapate pesa ya unga na mbegu. Anayebaki shambani na wanae, anayepasua kuni na kulisha mifugo, jina lake mara nyingi halimo kwenye fomu.

Katika majimbo ya mbuga, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, karibu maombi 4 kati ya 10 yalikatishwa kabla ya hati kutoka. Hao ni watu wa kila rangi. Kukata tamaa hakukuwa na kabila.

Je, mwanamke aliweza kuchukua ardhi?

Aliweza tu akiwa kichwa cha familia, yaani mjane au aliyeachwa na ana watoto wadogo wanaomtegemea. Mke wa mtu hapana. Msichana asiyeolewa hapana, hata awe na mikono ya chuma. Kaka yake wa miaka 18 aliruhusiwa.

Zile namba na herufi, kama NE-14-66-20-W4, zina maana gani?

Hiyo ndiyo anwani ya shamba, na bila kuijua hutapata kitu katika nyaraka. Isome kutoka nyuma.

W4 ni magharibi mwa meridiani ya nne, mstari ambao leo ndio mpaka wa Alberta na Saskatchewan. 20 ni safu ya ishirini ukihesabu kuelekea magharibi kutoka mstari huo. 66 ni safu ya sitini na sita ukihesabu kuelekea kaskazini kutoka mpaka wa Marekani. Safu hizo mbili zinapokutana unapata mraba wa maili 6 kwa 6, uliogawanywa vipande 36, kila kimoja maili moja ya mraba. 14 ni kipande cha kumi na nne. Wapima ardhi walianza kuhesabu pembe ya kusini mashariki, wakaenda magharibi mpaka 6, wakapanda mstari mmoja na kurudi mashariki, kama ng'ombe anavyogeuka na plau. NE ni robo ya kaskazini mashariki ya kipande hicho. Robo moja, ekari 160, familia moja.

Vipande vingi vya namba witiri (1, 3, 5 na kuendelea) vilitengewa makampuni ya reli. Vya 8 na 26 vilikuwa vya Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya ngozi iliyodai eneo lote hilo kabla ya Kanada. Vya 11 na 29 viliitwa ardhi ya shule, na watu hudhani shule zilijengwa hapo. Sivyo: viliuzwa au kukodishwa, na fedha ikaingia katika mfuko wa elimu.

Safari ya kufika ilikuwaje?

Treni mpaka Edmonton. Kutoka hapo njia ya mikokoteni ya kama kilomita 160 hadi Athabasca, kwa sababu reli haikufika huko mpaka mwaka 1912. Kisha msitu, hakuna njia. Ardhi nzuri iliyo wazi ilikuwa imeshachukuliwa na waliotangulia, kwa hiyo waliochelewa walipata misonobari na vinamasi. Kuna vinamasi vya huko vinavyoonekana kama zulia la kijani, ukikanyaga unazama mpaka kiunoni. Na mbu. Mtu wa Kisumu au Kilombero anadhani anajua mbu. Aende Athabasca mwezi wa sita.

Nyumba za kwanza zilikuwa za magogo, nyufa zimezibwa kwa udongo na ukoka. Kusini zaidi, kusiko na miti, watu walikata ardhi pamoja na majani yake kama matofali wakajengea. Moja ya nyumba hizo, ya familia ya Addison karibu na Kindersley, Saskatchewan, iliyoanza kujengwa mwaka 1909, ipo mpaka leo.

Serikali ya Kanada iliwapokea vipi?

Kwa uso wa mbele vizuri, nyuma ya pazia vibaya. Kisheria hawakuwa na kosa. Machi 1911, mchungaji Henry Sneed alipofika mpakani Emerson, Manitoba, na kundi la watu wapatao 200, maofisa waliwapima afya na kuhesabu pesa zao kwa ukali kuliko kawaida. Hawakupata sababu ya kuwarudisha. Wakaingia.

Ndipo Edmonton ikachacha. Chama cha wafanyabiashara na jumuiya ya wanawake watiifu kwa himaya ya Uingereza wakasukuma malalamiko kwa serikali ya shirikisho, na saini zaidi ya 3,000 zikakusanywa katika mji ambao haukuwa mkubwa. Tarehe 12 Agosti 1911, baraza la mawaziri la waziri mkuu Wilfrid Laurier lilipitisha amri ya kuzuia kwa mwaka mmoja wahamiaji wa "mbari ya Weusi", mbari iliyosemwa kuwa haifai kwa hali ya hewa na mahitaji ya Kanada. Amri hiyo haikutumika, na ilifutwa tarehe 5 Oktoba, wiki mbili baada ya Laurier kushindwa uchaguzi.

Serikali haikuihitaji. Ilikuwa imeshatuma mawakala Oklahoma, mmojawapo daktari mweusi kutoka Chicago, kuzunguka makanisani wakiwaambia watu kwamba Kanada udongo ni mbaya na baridi itawaua. Kufika mwaka 1912 mto wa wahamiaji ulikuwa umekauka. Hii ndiyo sababu katika nyaraka za Ottawa huoni sheria ya ubaguzi iliyofanya kazi hiyo: ilifanywa kwa maneno ya mdomoni.

Kabla yao ardhi ilikuwa tupu?

Haikuwa tupu. Ilikuwa ya Cree, Dene, Blackfoot, Nakoda na wengine, na ya Wametis, watoto wa ndoa za wenyeji na wafanyabiashara wa ngozi. Kanada ililipa kampuni ya Hudson's Bay pauni 300,000 na kukabidhiwa eneo lote mwaka 1870, wenyeji hawakuulizwa. Mikataba ilifuata, wa sita mwaka 1876, wa nane mwaka 1899, na wenyeji wakabanwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Nalitumia neno "walowezi" nikijua linavyosikika. Mkenya akilisikia anaona Lord Delamere na nyanda za juu. Watu wa Amber Valley hawakuwa hivyo: walikuwa wajukuu wa watumwa wanaokimbia kamba. Lakini robo walizopewa zilikatwa kutoka ardhi ya mtu mwingine, kwa mkasi uleule wa wapima ardhi. Mambo hayo mawili yote ni kweli.

Shule zilianzaje?

Serikali haikuleta shule. Wazazi ndio walioiomba. Palipokuwa na watoto wa kutosha ndani ya eneo wanaloweza kutembea, walituma maombi, wakapewa jina na namba ya wilaya ya shule, wakachagua wadhamini watatu kati yao, wakajitoza kodi juu ya mashamba, wakakopa na kujenga. Serikali ilichangia ruzuku na mkaguzi. Ndiyo maana kila maili chache kulikuwa na shule ndogo yenye jina la familia, kilima au kijiji cha Ulaya walichokiacha. Ya Amber Valley iliitwa Toles, jina la mojawapo ya familia zao, na ilifunguliwa mwaka 1913.

Chumba kimoja, mwalimu mmoja, darasa la kwanza mpaka la nane. Mwalimu mara nyingi alikuwa msichana wa miaka 18 au 19 aliyetoka kwenye mafunzo ya miezi michache, anayepanga kwa familia moja ya hapo na kusikia kila jioni wanavyomsengenya mwenyekiti wa shule. Asubuhi alifika kabla ya watoto, ili awashe jiko. Walioketi karibu na jiko waliungua shavu moja. Wa dirishani wino uliganda kwenye kidau. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo ya maji na kata moja, wote wakinywea hiyohiyo, na mafua yakizunguka kwa mpangilio wa madawati. Chakula cha mchana kilikuja ndani ya kopo tupu la siropu lenye mkono wa waya. Nyuma kulikuwa na banda la farasi kwa waliotoka mbali, na kulisha farasi lilikuwa jukumu la mtoto mwenyewe.

Watoto wakubwa waliwasomesha wadogo, kwa kuwa mwalimu hakuweza kuwa kila mahali. Wakati wa kupanda na kuvuna, wavulana hawakuonekana. Desemba masomo yalikaribia kusimama kwa mazoezi ya tamasha la Krismasi, na wazazi walimpima mwalimu kwa tamasha hilo kuliko kwa mitihani. Wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, wilaya nyingi zilishindwa kulipa mishahara. Walimu walipewa ahadi za karatasi, na mara nyingine viazi.

Shule hizo zilitenganisha watoto kwa rangi?

Alberta haikuwa na sheria ya kutenganisha. Toles ilijaa watoto weusi kwa sababu wakazi wa karibu walikuwa weusi. Ontario ndiko kulikokuwa na sheria ya shule za weusi tangu mwaka 1850, na Leonard Braithwaite, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika bunge la jimbo hilo, ndiye aliyeisimamia ifutwe mwaka 1964. Shule ya mwisho ya namna hiyo Ontario ilifungwa mwaka 1965. Kichekesho cha Buxton, Ontario, ni kwamba shule yao ya misheni ilikuwa nzuri kiasi kwamba wazungu wa jirani waliwahamishia watoto wao humo.

Jambo zito zaidi ni shule za bweni za watoto wa wenyeji. Wakati watoto wa walowezi wanatembea kwenda shule iliyojengwa na baba zao, zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji walipelekwa katika mabweni ya kanisa na serikali, wengi kwa lazima, ili waache lugha na mila zao. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990.

Na lugha?

Kiingereza. Manitoba iliruhusu kufundisha kwa lugha mbili pale penye wanafunzi 10 wanaosema lugha nyingine, na Waukraine, Wapolandi, Wajerumani na Wafaransa wakaitumia nafasi hiyo mpaka ilipofutwa mwaka 1916. Alberta, Waukraine walivutana na wizara kuhusu walimu wao mwaka 1913, wakashindwa. Watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama uwanjani. Msomaji aliyesoma Kenya na kuvalishwa "disk" shingoni kwa sababu ya neno moja la kwao hahitaji maelezo zaidi.

Wajukuu wao wako wapi leo?

Wengi mijini. Shule ya chumba kimoja iliishia darasa la nane. Kuendelea kulitaka kulipa bweni mjini, na aliyeenda mara nyingi hakurudi. Kuanzia mwaka 1936 Alberta iliunganisha wilaya ndogo kuwa kubwa, mabasi yakaja, shule ndogo zikafungwa moja baada ya nyingine. Shule ikifungwa, posta nayo haikai.

Edmonton walikuwa na kanisa lao, Shiloh Baptist, tangu mwaka 1910. Violet King, ambaye familia yake ilipitia Keystone, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Kanada, mwaka 1954. Oliver Bowen wa ukoo wa Amber Valley alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa treni ya mjini Calgary. Nimeipanda mara nyingi kabla sijajua.

Nataka kutafuta familia au shamba fulani. Nianzie wapi?

Anza na jina na anwani ya ardhi. Maktaba na Nyaraka ya Kanada, Ottawa, ina orodha ya hati za ardhi za magharibi za mwaka 1870 hadi 1930, unaitafuta kwenye intaneti bila malipo. Faili zenyewe za Alberta ziko katika nyaraka za jimbo, Edmonton. Sensa za mbuga za mwaka 1906 na 1916 zinataja kila mtu wa nyumba kwa jina, na sensa ya mwaka 1931 imefunguliwa tangu 2023. Jaribu jina kwa tahajia tatu au nne. Karani aliandika alivyosikia.

Vile vitabu vinene vya historia ya wilaya, naviamini?

Viamini kwa mazao, dhoruba, tarehe za harusi na nani alimwazima nani fahali. Kamati za vijiji zilivitoa kwa wingi kuzunguka mwaka 1955, Alberta na Saskatchewan zilipotimiza miaka 50, na 1967, Kanada ilipotimiza 100. Kila familia iliandika ukurasa wake, mara nyingi mama au bibi, na hakuna profesa angekumbuka jina la farasi aliyewavusha mtoni.

Ila angalia ukurasa wa kwanza. Historia huanza siku plau ya kwanza ilipogusa udongo, Cree wanapewa aya moja kama hali ya hewa, na familia iliyohama kabla kamati haijaundwa haimo. Mimi hukiweka kitabu kando ya ramani ya ardhi, nikahesabu robo zilizo na jina kwenye ramani lakini hazina ukurasa kitabuni. Kazi yangu huanzia hapo.

Naweza kwenda kuona?

Ndiyo. Kutoka Edmonton ni chini ya saa mbili mpaka Athabasca, kisha unafuata barabara namba 55 kwenda mashariki. Nyumba ya Obadiah Bowen inalindwa na jimbo kama urithi. Mwaka 2021 posta ya Kanada ilitoa stempu ya Amber Valley. Mashamba mengine ni ya watu, basi usiruke uzio. Nenda Septemba, mbu wameshakufa na barabara bado kavu, na jaza tanki la mafuta Athabasca kabla hujatoka.